Kuunganisha koo za Unix na Linux chini ya kiwango kimoja: nini kiliwezekana na nini kilishindikana?

Seva_ya_Ilazo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Tangu taasisi nyingi za umma zihamie hapa Dodoma, kuna hoja ambayo husikika kila wataalamu wa TEHAMA wanapokutana: kwamba seva zetu zinaendeshwa na distro (yaani matoleo mbalimbali ya mfumo endeshi wa Linux) nyingi mno, nyingine Ubuntu, nyingine Debian, nyingine CentOS iliyokwisha muda wake, na kwamba dawa ni kuzichanganya zote tupate mfumo endeshi mmoja wa taifa. Malalamiko nayakubali, dawa siikubali. Jambo hili limekwisha kujaribiwa na makampuni yenye fedha kuliko sisi sote, na matokeo yake yanajulikana. Ninavyoona mimi, mifumo endeshi inayoshindana haiunganiki kwa wenye mali kupeana mikono na kuchanganya misimbo yao. Huunganika pale mnunuzi mkubwa anapokataa kulipa mpaka kila muuzaji atimize maelezo yale yale ya kiolesura, yaani namna programu inavyouomba mfumo kazi, huku ndani kila mmoja akibaki na vyake.

Unix, mfumo endeshi ambao Linux inaufuata kwa mtindo, ilizaliwa mwaka 1969 katika Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mwaka 1973 ikaandikwa upya kwa lugha ya C. Kwa kuwa makubaliano ya mwaka 1956 kati ya AT&T na serikali ya Marekani yaliizuia kampuni hiyo kufanya biashara zilizo nje ya mawasiliano, Unix haikuuzwa kama bidhaa ya kawaida; vyuo vikuu viliipata pamoja na msimbo chanzo kwa ada ndogo. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikaanza kuongeza vyake, na huko ndiko ukoo wa BSD ulikotoka. AT&T ilipovunjwa vipande mwaka 1984 kizuizi kile kikaondoka, kampuni ikaingia sokoni na System V, na kufikia mwishoni mwa muongo ule kila mtengenezaji wa kompyuta alikuwa na Unix yake: Sun na SunOS, HP na HP-UX, IBM na AIX, DEC na Ultrix, hata Microsoft ilikuwa imekwisha kuuza Xenix.

Mwaka 1987 AT&T na Sun walitangaza kwamba watachanganya System V, BSD, SunOS na Xenix, na kweli System V Release 4 ikatoka. Kiufundi kazi ile haikuwa mbaya. Kisiasa ilichoma nyumba, kwa sababu washindani waliona mwenye hakimiliki amefunga ndoa na mmoja wao. Mei 1988 IBM, DEC, HP, Apollo, Bull, Nixdorf na Siemens wakaanzisha Open Software Foundation ili watengeneze Unix isiyoitegemea AT&T, na kabla mwaka haujaisha upande wa pili ukajibu kwa UNIX International. Yaani mradi wa kuunganisha ndio uliozaa kambi mbili rasmi, kila moja ikijiita ya wazi na kuiita nyingine ya ubinafsi. OSF/1 ilipokamilika, DEC waliifanya msingi wa Unix yao mpya, lakini IBM na HP waliendelea kuuza AIX na HP-UX zao kama kwamba hawakutia sahihi popote.

Kilichofanya kazi kilikuwa kinapita kando, bila mbwembwe. Kamati ya IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki, ilitoa POSIX, yaani 1003.1, mwaka 1988. Haikuwa mfumo endeshi. Ilikuwa maandishi yanayoeleza programu itegemee nini kutoka kwa mfumo wowote. Serikali ya Marekani ikaiingiza katika viwango vyake vya ununuzi kwa jina la FIPS 151, na ghafla kila aliyetaka kuuza kompyuta kwa idara zake alilazimika kuisoma. Hata Windows NT ilipotoka mwaka 1993 ilikuwa na sehemu ya POSIX ndani yake, sehemu ambayo ni vigumu kuieleza kwa sababu nyingine yoyote zaidi ya zabuni.

Karibuni tujadili.

Mwanachuo_Ng'ong'ona

Shukrani kwa uzi huu, mkuu. Sisi darasani tunaambiwa POSIX ni kiwango, tunakariri jina, tunasonga mbele. Naomba kuelezwa tofauti za koo hizi zilikuwa kubwa kiasi gani kwa mtu anayeandika programu. Je, hazikuwa tofauti za majina tu?

Mzee_wa_Terminali

Mwanangu, majina nayo yanatosha kukukosesha usingizi. Mashine ya ukoo wa BSD ulikuwa ukitaka orodha ya michakato unaandika `ps aux`, ya System V `ps -ef`. Kuchapisha karatasi huku ni `lpr`, kule ni `lp`. Kwenye C, anayetafuta herufi ndani ya mfuatano aliita `index` upande mmoja na `strchr` upande mwingine. Hayo yanavumilika, kwa sababu programu inakataa kukompailiwa (kugeuzwa kutoka msimbo chanzo kuwa lugha ya mashine) na unajua pa kuanzia. Balaa lilikuwa pale jina ni lile lile na tabia si ile ile. Mfano mzuri ni ishara ambazo kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huipelekea programu: katika System V ya zamani, programu ikishaipokea ishara mara moja, utaratibu ulioupanga wa kuishughulikia unafutika na hali ya awali inarudi, kwa hiyo ishara ya pili ikiwahi kabla hujaupanga upya, programu inauawa. Katika BSD utaratibu unabaki. Programu hiyo hiyo ikihamishwa inafanya kazi wiki nzima, halafu inakufa siku mashine inapokuwa na kazi nyingi.

Kamati ya POSIX haikumpa mtu yeyote ushindi hapo. Ilichukua wazo la BSD, ikalipa jina jipya kabisa, `sigaction`, ili programu za zamani za pande zote mbili zisiguswe. Kwenye udhibiti wa terminali ilifanya jambo la namna hiyo: BSD walikuwa na utaratibu wao, System V wakawa na `termio`, kamati ikaandika `termios`, ambayo inafanana zaidi na ya System V lakini si yenyewe. Palipokuwa na ugomvi usioisha, kama ule wa `tar` na `cpio` katika kuhifadhi mafaili, ilizaliwa amri ya tatu, `pax`, inayosoma aina zote mbili. Ni wangapi humu wamewahi kuitumia `pax`?

Sasa linganisha na ule mchanganyiko wa AT&T na Sun anaousema mleta uzi. Solaris, iliyojengwa juu ya System V Release 4, ilikuwa na saraka ya `/usr/ucb`, ambamo amri za BSD zilikaa peke yake, na amri za System V zikakaa mahali pake pa kawaida. Ukipanga njia ya kutafutia amri kwa mpangilio mmoja unapata mashine moja, ukiupindua unapata nyingine. Huko si kuunganisha, ni kuwapangisha wapinzani chumba kimoja.

Mwanachuo_Ng'ong'ona

Shikamoo mzee, na asante sana. Kwa hiyo jina la Unix lenyewe leo ni mali ya nani?

Mzee_wa_Terminali

Marahaba. Novell waliinunua idara ya Unix kutoka AT&T mwaka 1993, na alama ya biashara wakaihamishia X/Open, muungano ulioanzishwa mwaka 1984 na makampuni ya Ulaya. Mwaka huo huo wa 1993 kambi zilizokuwa zinagombana zilikaa meza moja, wakisukumwa kwa kiasi kikubwa na hofu ya Windows NT, wakaorodhesha violesura ambavyo programu zilizokuwa sokoni zilivitumia kweli. Vilifika 1,170, na kazi ile ikajulikana kwa idadi hiyo, Spec 1170. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Single UNIX Specification. X/Open na Open Software Foundation ziliungana mwaka 1996 kuwa The Open Group, na maandishi ya Open Group na ya IEEE yakafanywa kitabu kimoja kupitia kundi la Austin, kikatoka mwaka 2001. Tangu hapo, mfumo wowote unaopita majaribio na kulipia unaruhusiwa kuitwa UNIX, hata kama hauna mstari mmoja wa AT&T. macOS ilipata cheti hicho mwaka 2007. Linux nyingi unazoziona hapa mjini hazina, kwa sababu kila toleo lingehitaji kulipiwa na hakuna anayeona faida.

Kondoa_Kwetu

Mleta uzi, naona historia yetu wenyewe inakupinga. Lugha tunayoiandika hapa ilisanifishwa kwa kuchagua lahaja moja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja badala ya Kimvita, kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, ikashughulikia kamusi, sarufi na vitabu vya shule, na leo Mgogo, Mrangi na Mnyaturu wanaandikiana barua za kiofisi bila mkalimani. Hawakuketi kuandika maelezo ya kiolesura. Kwa nini nasi tusichague distro moja tukamaliza mjadala?

Seva_ya_Ilazo

Kaka wa Kondoa, mfano wako ni mzuri na nadhani unaniunga mkono kuliko unavyonipinga. Kamati ile ilikuwa na kitu ambacho Open Software Foundation haikuwa nacho hata siku moja: kitabu cha shule kisichopata kibali chake kilikuwa na kazi ngumu kuingia darasani. Hiyo ndiyo nguvu ya mnunuzi ninayoizungumzia. Pili, Kimvita hakikuchanganywa na Kiunguja kikapotea. Watu wa Mombasa wanakisema na kukitungia mashairi mpaka leo. Kilichofungwa na kiwango ni kile kinachoandikwa darasani na ofisini, yaani mahali ambapo watu wa lahaja tofauti wanakutana.

Kuhusu kuchagua distro moja, hatari yake tumeiona kwa macho. Desemba 2020 Red Hat, kampuni inayosimamia CentOS, walitangaza kwamba CentOS 8 itakoma mwishoni mwa 2021, wakati wengi walikuwa wametarajia ihudumiwe hadi 2029. Aliyekuwa amefunga kila kitu kwenye jina hilo alibaki akitafuta pa kuhamia. Aliyekuwa ameandika skripti zake bila kutegemea jina la distro alihamia AlmaLinux, Rocky au Debian bila kelele nyingi.

Dada_wa_Vifurushi

Naomba nichangie upande wa Linux, maana ndio tunaoishi nao, na hapa hoja ya mleta uzi inahitaji kupigwa msasa.

Kwanza ninakubali kwamba ndoa za makampuni zilishindwa hata huku. Mei 2002 Caldera, Conectiva, SuSE na Turbolinux walitangaza UnitedLinux, msingi mmoja ambao kila mmoja angeuuza kwa jina lake. Red Hat, mkubwa waliyekuwa wakimkabili, hakuwamo. Machi 2003 Caldera, wakati huo ikijiita SCO Group, iliishtaki IBM kwa madai yaliyoigusa kerneli yenyewe ya Linux, na unaweza kufikiria hali ya kikao cha washirika baada ya hapo. Mwanzoni mwa 2004 ushirika ulikuwa umekufa.

Lakini njia ya kuandika maelezo nayo ilijaribiwa, ikashindwa. Linux Standard Base (LSB) ilitoa toleo lake la kwanza mwaka 2001, ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, na lengo lake lilikuwa kubwa kuliko la POSIX. POSIX inakuahidi kwamba msimbo chanzo wako utakompailiwa kote. LSB ilitaka programu iliyokwisha kukompailiwa ibebwe kama ilivyo na iendeshwe kwenye distro yoyote. Ili hilo liwezekane ilibidi itaje maktaba, yaani misimbo ya pamoja ambayo programu huitegemea, kwa matoleo yake, na maktaba zikawa zinakwenda mbio kuliko kamati. Ikaamuru pia vifurushi vya kusakinishia programu viwe vya RPM, aina inayotumiwa na Red Hat na si na Debian, jambo lililowafanya Debian watumie zana ya kugeuza vifurushi ili waonekane wametimiza. Wauzaji wa programu kubwa nao hawakujali: hifadhidata ya Oracle iliendelea kuidhinishwa kwa distro zilizotajwa kwa majina. Mwaka 2015 Debian waliacha kuifuata LSB kwa sehemu kubwa, na programu zilizowahi kupata cheti chake zilikuwa za kuhesabika kwa vidole.

Na kuna jambo la tatu ambalo mleta uzi hajaligusa. Tofauti zinazotutesa hapa hazimo katika POSIX hata kidogo. POSIX haisemi kifurushi kinasakinishwaje, mtandao unasanidiwa wapi, wala huduma inawashwaje mashine inapoamka. Hilo la mwisho lilitatuliwa na systemd, iliyoanza mwaka 2010: Fedora wakaichukua 2011, Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka 2014, Debian na Ubuntu mwaka 2015. Leo ninaandika faili moja la huduma na linafanya kazi kwenye mashine zote zilizotajwa hapo juu. Hakukuwa na kamati ya viwango wala zabuni, ulikuwa msimbo. Hapo unasemaje, mkuu?

Seva_ya_Ilazo

Dada, hilo ndilo pingamizi zito kuliko yote, na sitalikwepa. Tazama leseni. Msimbo wa System V Release 4 ulikuwa na mwenyewe, na kila aliyeuchukua alijua kwamba kesho mwenyewe anaweza kupandisha ada au kumpendelea Sun. Hofu hiyo ndiyo iliyounda kambi ya pili, wala si tofauti za `ps`. Systemd, kama ilivyo kerneli ya Linux, iko chini ya leseni huria ambayo hakuna anayeweza kuifunga baadaye, kwa hiyo Debian wakiichukua hawampi Red Hat ufunguo wa nyumba yao. Wapo walioona hata hivyo wanapewa, wakajitenga na kuunda distro ya Devuan, lakini ni wachache. Kwa hiyo nitaiweka hoja yangu hivi: msimbo wa pamoja hukubalika pale ambapo hauna mwenye uwezo wa kuunyang'anya, na pale ambapo msimbo una mwenyewe, kinachobaki ni maelezo ya kiolesura na mnunuzi wa kuyalazimisha. Kwetu sisi wanunuzi, ambao hatuandiki kerneli, njia hii ya pili ndiyo iliyo mikononi mwetu.

Kuhusu LSB, nakubaliana na maelezo yako yote, na ningeongeza jambo moja. Haja iliyokusudiwa na LSB haikufa. Ilijibiwa kwa namna nyingine. Docker ilipotoka mwaka 2013 programu ikaanza kusafiri pamoja na maktaba zake ndani ya kontena, ikihitaji kwa mwenyeji kerneli tu, na kerneli ya Linux ina nidhamu kali ya kutovunja programu zilizokuwa zikifanya kazi. Mwaka 2015 wahusika wakaandika vipimo vya pamoja vya taswira (faili ambalo kontena huanzishwa kutoka kwake) na uendeshaji wa kontena chini ya Open Container Initiative. Wigo wake ni mwembamba kuliko wa LSB, na naamini wembamba huo ndio uliouokoa.

Afisa_Ununuzi_Mtumba

Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Mimi si mtaalamu wa kompyuta, lakini nyaraka za zabuni hupita mezani kwangu, na kwa kawaida hatutakiwi kutaja jina la bidhaa bila kuruhusu inayolingana nayo. Mwanzoni nilidhani sharti hilo linawakwaza watu wa TEHAMA, ila nikiwasoma naona lingeweza kuwa silaha yao. Tatizo ni kwamba vipimo vya kiufundi tunavyoletewa husema tu «mfumo uwe unaendana na viwango vinavyotambulika», sentensi ambayo hakuna mzabuni aliyewahi kushindwa kuitimiza. Nani anaweza kuniandikia sentensi inayoweza kumwangusha mtu?

Dada_wa_Vifurushi

Nitatoa mfano wa kweli ili sentensi zieleweke zinatoka wapi. Kuna taasisi ilipokea mfumo kutoka kwa mzabuni ukiwa na skripti za kuhifadhi nakala za usiku. Skripti zilianza na `#!/bin/sh`, yaani ziendeshwe na kisoma amri kiitwacho `sh`, zikafanya kazi vizuri kwenye CentOS, ambako `sh` kwa kweli ni bash, kisoma amri chenye nyongeza zake. Zilipohamishiwa Ubuntu, ambako tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006 `sh` ni dash, kisoma amri chepesi kisicho na nyongeza hizo, alama za `[[` zikawa amri isiyojulikana, na kila `echo -e` ikaandika «-e» ndani ya faili la orodha ya nakala. Mzee wa Terminali atacheka, kwa sababu ugomvi wa `echo` ni ule ule wa BSD na System V: mmoja alitaka `-n`, mwingine alitaka `\c`, POSIX ikaacha tabia hiyo mikononi mwa kila mfumo, na ushauri ukabaki kuwa tumia `printf`.

Kwa hiyo ningependekeza hivi. «Skripti zote za usimamizi zitaandikwa kwa lugha ya amri ya POSIX.1-2017, na zitaendeshwa chini ya dash bila kosa mbele ya timu ya mapokezi.» Kisha: «Programu itakabidhiwa kama taswira ya kontena inayotimiza vipimo vya Open Container Initiative, pamoja na maelekezo ya kuijenga upya kutoka katika msimbo chanzo.» Na ya tatu: «Mzabuni ataonyesha mfumo ukifanya kazi kwenye distro mbili za familia tofauti zitakazochaguliwa na mnunuzi.» Distro zenyewe zisitajwe katika zabuni, zitajwe siku ya mapokezi.

Kondoa_Kwetu

Hiyo ya tatu itapandisha bei.

Afisa_Ununuzi_Mtumba

Itapandisha, na itakuwa rahisi kuitetea kuliko gharama ya kuhama kwa dharura. Mamlaka ya Serikali Mtandao hutoa viwango na miongozo kwa taasisi za umma, kwa hiyo sentensi kama hizi zingekuwa na nguvu zaidi zikitoka huko kuliko zikiandikwa na kila ofisi kivyake. Nimezinakili. Swali langu la mwisho ni kuhusu timu ya mapokezi: akija mzabuni na kompyuta yake ya mkononi, akatuonyesha kila kitu kinakwenda, tutajuaje?

Mzee_wa_Terminali

Msikubali kompyuta yake. Wekeni mashine mbili tupu, zisakinishwe na watu wenu asubuhi ile ile kutoka katika nakala mlizozipakua wenyewe, zisiwe na bash kama `sh`, wala maktaba ya ziada. Mpeni mzabuni kile alichokabidhi na karatasi ya maelekezo yake, halafu mtu wenu, wala si wake, ndiye aandike amri. Kila mahali atakaposema «hapo ongeza kitu kidogo», paandikeni kwenye fomu, kwa sababu hicho kitu kidogo ndicho anachokitegemea bila kukisema, na kinapaswa ama kuingia ndani ya kontena ama kuandikwa katika maelekezo kabla ya malipo.

Mwanachuo, ukitaka kujizoeza kabla ya hapo, chukua skripti zako za darasani, ziendeshe kwa dash, kisha weka `POSIXLY_CORRECT=1` katika mazingira yako uangalie `df` na `du`, amri zinazoonyesha nafasi ya diski. Utaona tarakimu zimeongezeka maradufu, kwa kuwa kiwango kinahesabu kwa vipande vya baiti 512 na zana za GNU, zilizomo katika distro nyingi za Linux, zinahesabu kwa 1024.